Fasi ya motoka moja, barza ya watu kumi



Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa tatu ya asubui, tulikuwa watu sita ku avenyu moja ya katikati ya muji, pale mistari nyeupe ya pakingi inafuata trotuari. Tulileta viti kumi vya plastiki, benchi moja ya mbao, tairi ine za zamani zenye tulipaka rangi, na mwavuli mukubwa wenye mama mumoja muuza kredi alituazima. Kijana wa kukata pakingi akakuja na kitabu chake. Tukamulipa feza ileile yenye wenye magari wanalipaka. Akakata kikaratasi, akaangalia mistari, akatuangalia:

— Motoka iko wapi?

— Motoka hakuna. Sisi njo tumepaki.

Akacheka, akaenda kukata vingine. Tukapanga tairi upande wa magari, benchi upande wa trotuari, na mbele tukasimamisha kibao kidogo: IKALA. NI BULE.

Hatukuita mutu. Wa kwanza kuikala alikuwa papa mumoja muzee mwenye alikuwa anangojea banki ifungue. Kisha mama mwenye mutoto ku mugongo, alinyonyesha pale kwa kivuli, akashukuru, akaendelea na safari. Wanafunzi wawili walifungua kompyuta yao. Ndugu mumoja mwenye kutembea na baisikeli ya mikono alisimama pembeni yetu nusu saa, anabishana na muzee juu ya mupira. Ilipofika saa sita tulikuwa tumehesabu watu makumi tatu na nane wenye walipita pale, wakaikala, wakatoka. Hakuna mwenye alinunua kitu. Hakuna mwenye aligombana.

Saa sita wakafika wakubwa wawili. Waliuliza nani alitupa ruhusa. Tukaonyesha kikaratasi chetu, saa na tarehe viko juu. Mumoja akakisoma pande zote mbili, akakirudisha:

— Hii ni ya motoka. Haina ya bantu.

Wakachukua tairi. Sisi tukabeba viti. Hatukuwa tumemaliza kuvuka njia, jipu moja nyeusi ikaingia palepale. Ilibaki mpaka mangaribi, bila mutu ndani.

Hayo maneno, "haina ya bantu", njo yananiandikisha leo. Yule mukubwa hakututukana. Alisema kweli yenye muji wetu unaishi kila siku bila kuisema: kipande cha njia ya raia unaweza kukikodi kwa saa nzima ikiwa unaweka chuma juu yake. Ukiweka watu, unafukuzwa.

Ile fasi ni ya nani?

Tuhesabu kidogo. Pakingi ya gari moja pembeni ya njia ni karibu mita 5 kwa urefu, na mita 2 na nusu kwa upana. Ni mita za mraba 12 na nusu. Mu Katuba ao Kenya kuko familia yenye inalala mu chumba kidogo kupita hapo. Na ile ardhi haiko ya mwenye gari. Haiko ya duka yenye iko mbele. Ni ya sisi wote, hata yule mwenye hatapata gari maisha yake yote. Serkali inaiazima kwa gari moja, kwa saa moja, kwa feza kidogo. Sawa. Kuazima si kosa. Tunauliza tu: juu ya nini inaazimwa kwa gari peke yake?

Hii haikuanza jana. Muji huu ulianzishwa mu 1910 kwa jina la malkia wa Wabelgiji, Elisabethville. Avenyu zake ni pana na zimenyooka, na miti ya jakaranda juu yake, lakini hazikupimwa juu ya babu zetu. Babu zetu waliwekwa upande wa Kamalondo, na katikati wakaacha ardhi tupu yenye waliita zone neutre, ili mweusi na muzungu wasikaribiane. Mweusi alikuwa anaingia mu muji kufanya kazi, kisha anatoka. Kuikala hakukuwa mu mupango. Muji ulipata jina la Lubumbashi mu 1966, wakubwa wakabadilika, lakini angalia vizuri katikati ya muji leo: utafanya kazi, utanunua, utalipa, utapita. Fasi ya kuikala bila kununua kitu iko wapi?

Kijana wa Lubumbashi akitaka kuongea na wenzake anaenda wapi? Mu nganda, na pale bila chupa ya Simba mbele yako wanakuangalia vibaya. Mu kanisa, na pale masauti ni ya pasta. Ku kibaraza cha duka ya mutu, mpaka mulinzi akuondoe. Wasichana ni mbaya zaidi: akisimama pembeni ya njia kwa dakika kumi, wanaanza kumuuliza anangojea nani. Na vijana watano wakisimama pamoja ku kona, wanaitwa bandi.

Ku nyumba zetu tuko na neno la hiyo fasi yenye inakosekana: barza. Hata nyumba ya maskini iko na barza, hata ikiwa ni simenti kidogo mbele ya mulango. Pale njo mugeni anapokelewa, njo baba na majirani wanamaliza maneno, njo mama anachambua sombe huku anasikiliza habari ya kartiye. Nyumba bila barza ni nyumba yenye kufungwa. Muji wetu ni nyumba ya watu zaidi ya milioni moja, na hauna barza.

Wengine walifanya nini

Wazo la kubadilisha pakingi kuwa fasi ya watu halikutoka kwetu, na hatuoni haya kulisema. Mu 2005, ku San Francisco, inchi ya Marekani, kikundi cha wasanii chenye kinaitwa Rebar kilifanya karibu sawa sisi: walilipa mashini ya pakingi kwa saa mbili, wakaweka majani, benchi na muti mumoja. Watu wakaikala. Saa mbili zikaisha, wakafagia, wakaondoka. Mwaka wenye kufuata miji mingine ikaiga. Mu 2010 muji wa San Francisco wenyewe ulikubali watu wajenge vibanda vya namna hiyo kwa muda mrefu, na kanuni zake. Wanaviita pakileti, ni kusema kabustani kadogo. São Paulo, kule Brezili, muji wenye kujaa magari na wenye maskini wengi sawa sisi, uliandika kanuni yake mu 2014.

Lakini tujifunze na ubaya pia. Kanuni ya mwanzo ya San Francisco ilisema wazi: hata ikiwa mwenye mukahawa njo alilipa mbao, mutu yeyote ana haki ya kuikala bila kununua. Mu 2020, wakati wa Korona, mikahawa iliruhusiwa kuweka meza zao mu pakingi ili isikufe njaa. Ilisaidia. Lakini fasi nyingi zikawa za wateja. Ile ardhi ilitoka ku gari, ikaenda ku sahani ya mwenye feza. Kwetu hiyo hatari ni kubwa mara mbili, sababu sisi tunajua namna nganda inakulaka trotuari polepole: leo meza moja, kesho parapara, kesho kutwa ukuta.

Kwa hiyo kama kuko kanuni moja tu yenye tutapigania, ni hii: hakuna mutu wa kuuzisha ndani ya barza, na hakuna mutu wa kuuliza "unakunywa nini?"

Namna ya kuijenga hapa kwetu

Tulirudi nyumbani bila tairi, lakini tulirudi na masomo. Tulipima, tukachora, tukauliza maseremala wawili wa kartiye. Hii njo barza yenye tunapendekeza.

Sakafu iwe ya mbao, sawasawa na urefu wa trotuari, bila ngazi. Ndugu mwenye baisikeli ya mikono alibaki pembeni juu sisi tulikuwa chini na yeye juu. Hiyo ilikuwa kosa letu, na hatutairudia.

Chini ya mbao, mufereji wa maji ubaki wazi. Mwezi wa kumi na moja mvula ikianza, wote tunajua maji ya Lubumbashi hayaombi ruhusa. Mbao moja iwe ya kufunguka, ili kila Jumamosi mukono uingie, utoe chupa na sashe. Barza yenye kuziba mufereji ni adui wa kartiye, na wakaaji watakuwa na haki kuivunja.

Upande wa magari uwekwe kitu kizito: pipa zenye kujaa muchanga, ao tairi zenye kujaa udongo na maua, zipakwe nyeupe na nyekundu ili dereva azione usiku. Isijengwe karibu na kona, juu mwenye kugeuka haoni. Isijengwe mbele ya mulango wa ospitali ao wa masomo, pale gari inapashwa kusimama.

Ukingo usipite urefu wa kiuno cha mutu mukubwa. Mwenye anapita anapashwa kuona mwenye ameikala, na mwenye ameikala anapashwa kuona njia. Wasichana wa harakati njo walisimama juu ya hii, na wako na haki: fasi yenye kufichwa inakuwa ya wenye nguvu. Juu, kivuli cha turubai ao mabati mepesi. Usiku, taa moja ya jua. Pembeni, pipa ya uchafu.

Kila kitu kifungwe na bulonu, hakuna simenti. Siku komini inataka kutengeneza njia, barza inafunguliwa asubui moja na kuhamishwa. Hii inafanya tusiogopeshe mutu: hatuombi ardhi, tunaomba kuiazima, sawa vile gari inaazima.

Na pembeni yake, mama wa mikate abaki. Tunasema hii kwa sauti, sababu kila mara muji unapotaka kujipendeza, wa kwanza kufukuzwa ni yeye. Barza haiko ya kumuondoa. Hatauzisha ndani, lakini beseni yake ibaki palepale ilikuwa, ku trotuari, na jua likiwa kali ataingia kuikala sawa wengine. Macho yake njo yatalinda ile fasi kuliko polisi yeyote. Na manseba pia wasidanganywe: ku avenyu yenye kuwa na barza, fasi ya pili yenye kufuata ipewe moto. Pale gari moja inasimama, moto kadhaa zinasimama, na hazitakuwa tena mu katikati ya njia kuvuta wateja.

"Munaleta mambo ya viti, inchi inaungua"

Tulisikia hii mara nyingi, na haiko swali la mupumbavu. Kivu watu wanakufa na wanakimbia. Hapa maji hayatoki mu robine, moto wa umeme unakatika, daktari anagoma. Na nyinyi, vijana wa harakati, munashona mwavuli?

Jibu langu ni hili. Kila jambo lenye tulipata mu harakati hii lilianza na watu kuikala pamoja na kuongea. Kudai maji kunaanza na majirani kumi wenye wamejua kwamba wote wanakosa maji, haiko mumoja mumoja. Leo tunaongea mu simu, na simu inahitaji megabaiti, na megabaiti inahitaji feza, na siku moja wanakata intaneti, tunabaki kila mutu peke yake mu chumba chake. Mutu mwenye hana fasi ya kukutana na mwenzake ni mwepesi kutawala. Wenye walichora zone neutre walijua hii vizuri.

Wengine wanasema: bashege watalala pale, wezi watajificha. Bashege wanalala tayari, chini ya magari yenyewe. Ni watoto wetu, na benchi haikuwazaa. Juu ya wezi, ukingo mufupi, taa na macho ya watu vinafanya zaidi kuliko ukuta.

Wenye maduka wanasema watapoteza wateja wenye magari. Tunaelewa woga wao. Lakini hesabu na wewe: ile jipu nyeusi ilikula fasi saa nyingi, na hakuna mutu alitoka ndani kununua hata biskuti. Hatuombi avenyu nzima. Tunaomba fasi moja tu, kwa komini moja moja, kwa miezi sita, kisha tuikale pamoja, wenye maduka ndani, tuangalie nini kimefanyika.

Tunaomba nini, na kwa nani

Katiba ya 2006, artikle ya 25, inahakikisha uhuru wa kukutana kwa amani na bila silaha, mu heshima ya sheria. Artikle ya 26 inasema maandamano yanahitaji kuandikia serkali barua ya kuijulisha. Kuijulisha: haikuandikwa kuiomba ruhusa. Na watu watano wenye wanaikala ku benchi hawako maandamano. Ni wakaaji wanapumzika. Wenye kutufukuza wajue tunajua tofauti.

Lakini Jumamosi ile sisi pia tulikosea kitu: tulienda na kikaratasi cha pakingi peke yake, bila kuandikia komini. Tulitaka kuonyesha ujinga wa kanuni, na tuliuonyesha. Sasa tunapashwa kufanya sehemu ya pili, yenye haichekeshi na haipigwi picha.

Mu mwezi wa kumi na mbili 2023, kwa mara ya kwanza, wakaaji wa miji mikubwa ya inchi hii walipiga kura ya washauri wa komini. Wengi wetu tulipiga ile kura bila kujua ni ya nini. Ni ya hii. Sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008 juu ya miji na komini inawapa kazi ya kutunza njia na masoko yao. Kusema benchi iko wapi na pakingi iko wapi hakuhitaji Kinshasa. Hakuhitaji Benki ya Dunia. Kunahitaji mushauri mumoja mwenye kuinua mukono.

Kwa hiyo:

Kwa washauri wa komini: tutaleta barua, mapimo na michoro. Muiweke mu ajenda. Mukikataa, mukatae kwa maandishi, na sababu.

Kwa meri: muandike wazi kwamba kikaratasi cha pakingi kinalipia fasi, si motoka. Na feza ya pakingi, raia aonyeshwe inaingia wapi.

Kwa maseremala, wachomaji wa vyuma, wanafunzi wa arkitekture: tunahitaji mikono yenu kwa salongo mbili ao tatu. Hatuna feza ya kuwalipa, na hatutadanganya kwamba iko njiani.

Kwa wewe mwenye kusoma: wiki hii, chukua metre, enda ku avenyu yako, pima fasi moja yenye gari moja inakula siku nzima. Andika ni wapi, kivuli kiko ama hakiko, mufereji uko ama hauko, nani anauzisha pembeni. Ongea naye kwanza mbele ya kutuandikia sisi. Barza yenye mama wa mikate hataki, hatutaijenga.

Ile siku, wakati tunabeba viti, muzee wa banki alikuwa bado ameikala ku benchi. Wakubwa wakamuambia asimame. Akasimama polepole, mukono ku goti, akawauliza na upole wa wazee: "Sasa batoto bangu, miye nitangojea wapi?"

Hawakumujibu. Ni juu yetu kumujibu.

Mwanamemba wa harakati, Lubumbashi